Dua Aliyoikataa Mama

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyopiga magoti mbele ya mama, nyumbani kwetu Siyu, kuomba radhi ya safari. Nilikuwa nimemaliza mkataba wangu jeshini, na wakala mmoja alikuwa ameniahidi mshahara mnono nikapigane vita vya nchi ya mbali. Nakueleza haya kwa sababu nasikia mawakala kama yule sasa wanawatafuta nyinyi vijana kwenye simu.

Nilipojiunga na jeshi letu, mama aliita majirani, akafukiza ubani, dua ikasomwa. Safari hii alishika tasbihi tu.

"Waenda kupijana na nani?"

"Sijui, mama. Tutaonyeshwa tukifika."

"Wamekutenda nni?"

Nikamtajia mshahara nitakaolipwa.

"Basi nimuombe Mngu nni, Athmani?"

Nilikasirika, nikaondoka bila radhi. Kichwa changu kilikuwa kigumu siku zile.

Sikudanganyi: hata jeshini mshahara niliupenda, na ulipochelewa nililalamika kuliko wote. Lakini nilipopigwa risasi mpakani, sajenti wetu, mtu wa Kitui, alinibeba mgongoni mpaka kambini. Aliwahi kuja kwetu likizo, akala samaki wa mama. Nilipomshukuru alicheka, "Sasa mamako ningemwambia nini?"

Kule ugenini tuliitana kwa majina ya bandia. Tuliposhambuliwa, mwenzangu tuliyemwita Kipara alivunjwa mguu kwa risasi, akaniita. Nilimsikia vizuri sana. Nikakumbuka kwamba mkataba wangu umebaki miezi miwili, nikakimbia. Wote tulikimbia, na Kipara hakuonekana tena.

Nilirudi Siyu na fedha, na mama, Mungu amrehemu, alinisamehe. Ila nilipomsimulia habari za Kipara alilia, akaniuliza, "Na mamake, utamwambia nni?"

Sijamwambia kitu mpaka leo. Hata jina halisi la mwanawe silijui, na aibu hiyo nitazikwa nayo.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujatia sahihi, kapige magoti kwa mzazi wako, umtajie unayekwenda kumuua na kosa lake. Ukishindwa, mrudishie wakala kalamu yake. Na ukiamua kushika bunduki, ishike kwa ajili ya watu wanaokujua, ambao ukianguka watarudi kukuchukua.

Mola akupe riziki ya halali na usingizi mwema, na kila safari yako iwe ile ambayo mama yako ataweza kuiombea dua. Amina.