Sakafu Iliyoita Nyuki

Siku saba nilimwagilia saruji kama mchicha. Ndoo nne asubuhi, ndoo nne adhuhuri, kisha narudishia magunia mabichi juu yake kama namfunika mgonjwa. Shule zilikuwa zimefungwa. Wenzangu walikuwa uwanjani wanapiga chandimu, mimi niko nyumbani, mtaa wa Mtendeni, nazuia kuku wasikanyage sakafu ya gereji yetu.

"Baba, itaota lini?"

"Mwagilia wewe. Ikikauka haraka itapasuka."

Baba yangu ni fundi wa baiskeli na pampu. Ushirika wa mafundi ulikuwa umepata mashine moja ya kuchonga vyuma, na kamati ilitaka ikae pasipo na vumbi. Jumamosi wangekuja kukagua. Sakafu yetu ikitoa unga, mashine ingekwenda kwa mafundi wa Itetemia. Baba aliitamani tangu niko darasa la pili. Alikuwa akiichora ukutani kwa chaki, na kila mara anaipa miguu mingi mno. Nilimwambia anachora jongoo, akanitupia spana.

Saruji mpya hutoa unga hata uifagie vipi. Dawa yake kwetu ni nta. Inayeyushwa, inatiwa mafuta ya taa, inapakwa na kusuguliwa kwa gunia mpaka oili ikimwagika haipenyi. Mjomba wangu, mrina asali, alituletea debe la masega. Masega unayachemsha kwa maji, unachuja, unaacha yapoe. Nta inaganda juu, asali inabaki na maji chini. Baba alitaka nichuje mara tatu.

Alhamisi akaenda kutengeneza pampu ya kisima, alale huko huko. "Wewe chemsha tu," akaniagiza. "Kupaka tutapaka wote kesho."

Kesho! Miguu iliniwasha. Nilichuja mara moja, nikaonja. Ilikuwa na utamu kwa mbali. Nikajiambia sakafu haina meno ya kuoza. Nikaiyeyusha tena, nikaepua, nikatia mafuta ya taa, nikapaka gereji nzima huku nikiteleza na kujipigia makofi.

Baba aliporudi alisimama mlangoni, akavua viatu.

"Umechuja mara tatu?"

"Tatu, baba."

"Kumbe nimezaa fundi!" Akatembea juu yake taratibu, mikono nyuma, kama bwana harusi. Nikaenda kuosha debe.

Jumamosi harufu ya mafuta ya taa ilikuwa imekwisha. Kamati ilifika saa nne. Nyuki walikuwa wamefika saa mbili. Sakafu ilinguruma. Tulifagia, tulifukiza moshi, wakatoka na kurudi na ndugu zao.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia mwenyekiti.

"Marahaba." Akachungulia ndani. "Ndugu fundi, hii gereji au mzinga?"

Wenzake wakacheka. Akaingia hatua mbili, kubadhi lake likanata, mguu ukatoka mtupu. "Vumbi kweli hakuna," akasema, akilivuta. "Lakini mashine ikilala hapa, asubuhi tutaikuta imeota mabawa. Nani amepaka?"

Nikainama kumsaidia kulivuta kubadhi.

"Mimi, Ndugu Mwenyekiti," baba akasema. "Nilikuwa na haraka. Nipeni wiki moja."

"Itetemia sakafu yao iko tayari leo."

Mashine ikaenda Itetemia. Tuliikwangua nta kwa maji ya moto na majivu, baba upande wake, mimi upande wangu, na hakuniuliza kitu. Ningefurahi angenichapa. Jioni nilimwambia kuwa nilichuja mara moja tu. "Najua," akajibu, akaendelea kusugua.

Sasa sakafu yetu inang'aa, haina kitu juu yake. Baba hupanda baiskeli alfajiri kwenda kuazima zamu kwenye mashine ya wenzake, wenyewe wakimaliza ndipo aiguse. Juzi nilimuuliza kama inakata vizuri.

"Vizuri sana," akasema.

Nilitafuta mzaha wa kumchekesha. Bado natafuta.