Nyongeza ya Etyang

Karatasi ya kaboni ina harufu yake, kama mafuta ya taa yaliyochanganyika na nta, na ukiishika kwa vidole vyenye jasho inakuachia buluu isiyotoka kwa sabuni ya kipande hata siku mbili. Nyumba yetu pale Malaba ilinuka hivyo. Baba alikuwa ajenti wa forodha mwenye ofisi ya chumba kimoja, hatua chache kutoka geti la mpaka, na kazi yake ilikuwa kuwajazia madereva fomu za mizigo kabla ya kuvuka kwenda Uganda. Fomu moja ilikuwa na nakala tano. Ikikosewa tarakimu moja, zote tano ziliharibika, na tarishi wa ofisi, baba yake rafiki yangu Etyang, alizifunga kwa kamba ya katani akaenda nazo nyumbani kuwashia moto. Sisi watoto tulizipata kabla ya jiko. Mbele kulikuwa na maandishi ya wakubwa, nyuma kulikuwa kweupe, na sisi tulihitaji ule weupe tu. Tulifanyia hesabu pale, tukachora pale, tukaandikiana matusi pale. Hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyewahi kugeuza karatasi aone mbele kumeandikwa nini. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo niliyoyatumia kumwangamiza rafiki yangu.

Kilichonikumbusha ni gemu. Mjukuu wangu Nekesa ana kibanda cha gemu mjini Busia, nyuma ya maegesho ya malori, na tangu nistaafu nashinda pale. Gemu linalopendwa zaidi ni la dunia iliyokwisha kuungua: miji imekuwa vifusi, maji ni ya kupigania, na wewe unachagua utakuwa mtu wa aina gani. Waliolitengeneza walitoa baadaye nyongeza mbili, yaani nchi mpya na visa vipya vya kuunganisha na gemu lenyewe. Mashine ya Nekesa ilikuwa na nafasi ya moja tu, kwa hiyo alinikalisha nizijaribu zote mbili, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ina kinamasi, mizinga na wanyama wenye vichwa viwili. Unapiga, unapiga, unapata silaha kubwa zaidi, unapiga tena. Ya pili ni kijiji kimoja kando ya daraja lililovunjika. Silaha hakuna za maana, ila kila mtu uliyemtendea jambo analikumbuka, na siku ya mwisho wanalileta mezani. Katika saa ya kwanza nilimchongea mlinzi wa kisima, kwa mzaha tu. Nilipofika mwisho, mlinzi yule alinifungia geti na nikafa kwa kiu nje. Nilikasirika mpaka nikaanza upya ili nimwue mapema. Nekesa alicheka. "Babu, wewe una roho mbaya kwa hii gemu! Haya, tuweke gani?" Nilimwambia angoje hadi kesho. Nilikuwa nimeziona nyongeza hizo mbili zamani, moja ikiwa yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Msimu huo wa mvua kulikuwa na matatizo ng'ambo, upande wa Uganda, geti likafungwa kwa majuma kadhaa, na malori yakajipanga kutoka mpakani hadi karibu na Amagoro. Injini zilinyamaza. Sisi tuliozaliwa ndani ya ngurumo hatukuwahi kusikia mji wetu ukiwa kimya, na Etyang, aliyekuwa mwembamba na mwenye sauti nzito kuliko mwili wake, alisema labda dunia imeisha na hakuna aliyekuja kutuambia. Kutokana na maneno hayo tulibuni mchezo. Tuliuchezea ndani ya lori bovu nyuma ya ofisi ya baba, chini ya turubai lililonuka mvua na mihogo iliyovunda. Kila mtoto alikuwa mtu mmoja aliyenusurika: dereva, tanboi wake wa kupakia mizigo, mama wa chai, mganga. Punje za mahindi zilikuwa uhai wako, maharagwe yalikuwa maji yako, na vipande vya gunzi vilirushwa kuamua kama umefaulu au umeumia. Mimi na Etyang tulitunga pamoja, sisi wawili tu, na kwa majuma mawili hatukugombana hata mara moja.

Mchezo ulipoanza kuchosha, tulikubaliana kila mmoja atunge nyongeza yake, kisha watoto wachague. Yangu ilielekea kusini, hadi ziwani. Niliijaza fisi wakubwa kama trekta, bunduki za kila namna na ramani ya rangi tatu. Nilitumia siku tisa, na niliipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake. Etyang alivuka tu mto Malaba. Katika nyongeza yake ulifika ng'ambo, ukakuta watu wachache wenye njaa, na ilikubidi uamue utamwachia nani maharagwe yako. Siku ya kuchagua tulikuwa tisa ndani ya lori. Walicheza yangu asubuhi, wakacheza yake mchana, na kabla hajamaliza nilikuwa nimeshaona nyuso zao. Msichana mmoja alilia kwa sababu ya kikongwe wa kwenye mchezo. Nani amewahi kumlilia fisi?

"Ya Wandera ni kupiga fisi tu, kupiga fisi tu, mpaka mkono unauma," mmoja alisema, akininyooshea kidole.

"Na dunia imeisha, bado huyu anatafuta bunduki! Unataka kuua nani, na watu wameisha?" mwingine alidakia.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Etyang alikuwa ameweka mtu wa kuchekesha ng'ambo ile, bwege anayelinda choo kilichobomoka na kudai kila apitaye amwonyeshe kibali. Alimpa jina langu. Alipomwigiza kwa ile sauti nzito, "Simama! Kibali iko wapi?", akitembea kama ninavyotembea mimi, kifua mbele kama baba yangu, lori zima lilitikisika kwa kicheko. Tangu jioni ile nikawa Mlinda Choo. Niliitwa hivyo bombani, shuleni, hata kanisani kwa kunong'onezwa. Nililala na jina hilo, nikaamka nalo, na nikaanza kupanga.

Ningependa kuandika kwamba sikujua nilichokuwa nikifanya. Nilijua. Foleni ilipokuwa ndefu, madereva hawakuthubutu kuacha mizigo yao, kwa hiyo walitutuma sisi watoto kupeleka karatasi ofisini kwa malipo ya kipande cha muwa. Dereva mmoja wa kutoka Mombasa alinipa fomu yake halisi, yenye muhuri mwekundu, nimkabidhi baba yake Etyang mkononi. Sikumkabidhi. Niliichomeka katikati ya bunda la karatasi za kutupwa ambalo Etyang alichorea, upande mweupe ukiwa juu, nikangoja. Siku ya pili yake alichora juu yake daraja lake zuri, kwa mkaa, na mimi nimekaa kando nikimsifu. Nilimwambia aongeze nguzo. Aliongeza. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na huo ndio ukweli wake.

Geti lilipofunguliwa, dereva alikuja kutafuta fomu yake, na mzigo wake haukuweza kusogea. Nilimkimbilia baba nikamwambia nimeiona kwa Etyang, kwamba baba yake huwapa watoto karatasi za ofisi bila kuzikagua. Baba alitoka na ile karatasi mkononi, muhuri upande mmoja na daraja upande wa pili, akamfukuza tarishi wake mbele ya madereva wote. Mzee yule alijaribu kusema jambo. Baba alimwambia anyamaze. Chumba walichoishi kilikuwa cha ofisi, kwa hiyo kabla ya jua kutua walikuwa wamebeba magodoro vichwani kuelekea shamba la ukoo wao, upande wa Amagoro. Etyang alipita mbele yangu bila kunitazama. Hakurudi shule. Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa karo ya baba, nikarithi ofisi, nikaishi vizuri. Mchezo wenyewe ulikufa. Nilijaribu kuongoza nyongeza yangu. Walikuja mara moja, kwa adabu.

Kesho yake kibandani nilimwambia Nekesa aweke ile ya kijiji. Kisha nikavaa koti, nikaenda Amagoro kumtafuta Etyang. Nilimkuta uani kwake akianika mihogo kwenye turubai, mzee mwembamba, sauti ile ile. Alinijua kabla sijasema.

"Mlinda Choo," alisema. "Umekawia."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa maana hakunipa kiti. Nilitamka kila kitu, hadi ile nguzo. Alisikiliza huku akigeuza vipande vya muhogo kimoja kimoja.

"Umemaliza? Hiyo yote tunajua. Yule dereva aliambia baba yangu siku ile ile: karatasi nilimpatia kijana wa ajenti. Na baba yangu akaambia baba yako, wakiwa wawili, ndani ya ofisi, baada ya nyinyi kwenda kula."

"Baba hakujua," nilisema.

"Alijua. Akasema, mimi siwezi kumfanya mtoto wangu mwizi mbele ya watu. Akatupatia gunia moja ya mahindi, tufunge mdomo. Tuliila, tulikuwa na njaa."

Niliuliza kwa nini hakuniambia wakati baba yuko hai. Hapo ndipo alipotabasamu, na meno yake yalikuwa machache.

"Ungemuuliza, mngesemezana, mngelia, mambo ingeisha. Mimi nilingoja azikwe. Nikangoja tena na wewe uzeeke, usibaki na miaka mingi ya kuzoea hii habari. Nilijua utakuja. Mtu kama wewe lazima aje kusamehewa. Sasa enda, mzee. Sisamehe."

Nilitembea hadi barabara kuu kwa miguu. Malori hayasimami tena kama zamani. Fomu ziko kwenye kompyuta, na dereva anaweza kuvuka bila kumjua mtoto yeyote wa Malaba. Nilimfikiria baba akinitazama nikipanga sanduku la shule kila muhula, akijua. Ningependa kusema kwamba nilijuta tu. Lakini kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, mimi mwenye mvi na wajukuu, kilikuwa namna ya kumkomesha Etyang: shamba lake, watoto wake, hata mihogo yake. Nilikuwa ni yule yule wa ndani ya lori. Tofauti ni kwamba wakati ule nilikuwa na baba wa kumkimbilia kwenda kuchongea, na sasa nimesimama kando ya lami nikitazama huku na huku, nisijue nimshtaki kwa nani.