Niliapa kuacha bia, fegi nikaificha. Pipi kifua ikaniumbua kwa mwanangu

Mbukwenyi wakuu! Hiyo ni salamu ya kwetu Ugogoni, itikieni kwanza ndipo tuendelee.

Leo nimeamua kujianika. Mimi ni ke, miaka thelathini na nne, naishi Area D hapa Dodoma, kazini nipo masjala. Hii siyo chai. Anayetaka chai akachemshe kwake.

Nina binti mmoja, tumwite Neema, ana miaka minane. Mwaka juzi mama yangu alikuja kutoka Mpwapwa bila taarifa, akamkuta Neema anatafuna mkate mkavu na mimi nimelala kwenye kochi na viatu vyangu. Jumapili, mchana kweupe.

Mama hakupiga kelele. Alifungasha nguo za mtoto, akasema, "Huyu naondoka naye. Kaa miezi mitatu bila pombe, ndipo uje umchukue."

Miezi mitatu tu! Nikajisemea, kazi ndogo hiyo.

Wakuu, hata mwezi sikumaliza.

Sasa hapa ndipo penye siri. Mama alijua nakunywa. Hakujua navuta.

Mnajua mwanamke akivuta sigara huku kwetu anavyotazamwa. Kaka Lazaro, tunayekaa naye chumba kimoja kazini, anawasha fegi yake getini asubuhi, anamsalimia bosi moshi ukimtoka puani, na hakuna anayeshtuka. Mimi nikiwasha pale, kabla ya saa nne habari imefika kanisani.

Kwa hiyo mimi nilikuwa na sehemu moja tu ya kuvutia. Uani kwenye baa moja pale Kikuyu, nyuma, nimekalia kreti.

Na baa huendi ukaomba maji. Unaagiza bia. Bia ikishuka, fegi inaita. Fegi ikiisha koo limekauka, unaongeza bia. Mpaka leo sijui nani alikuwa anamvuta mwenzake.

Nikitoka pale natupia pipi kifua mdomoni kuua harufu. Mkoba wangu ulikuwa haukosi pipi kifua.

Kwaresima ikafika. Mimi na Lazaro tukaweka nadhiri: bia hapana mpaka Pasaka. Fegi hatukuitaja. Lazaro akasema, "Dada, hatujaapa habari ya fegi, hiyo tuachie." Nikacheka, nikaona ana pointi.

Ujinga mtupu!

Wiki ya pili arosto, ile kiu ya fegi, ikanishika kazini. Faili moja nalifungua mara tatu. Nikajidanganya naenda Kikuyu kuvuta moja tu, na soda. Pafu ya tatu, mdomo ukaanza kudai bia. Saa kumi na moja jioni nilikuwa chupa ya pili.

Lazaro naye nadhiri yake haikufika Jumapili ya Matawi. Kwa hiyo wanaume msijipe ujiko, fegi ilituvuta sote. Ila yeye alikuwa na sehemu mia za kuvutia zisizo na bia. Mimi nilikuwa na moja, na hiyo moja ni baa. Mimi si daktari, nasema yaliyonikuta.

Baada ya Pasaka nikaanza upya. Safari hii nikawa navutia chooni kwangu, mlango nimefunga. Bia sigusi. Siku ya hamsini na kitu nikapanda basi kwenda Mpwapwa kumwona mwanangu. Niliposhuka stendi nikajibanza, nikavuta moja, nikatupia pipi, nikachukua bodaboda.

Neema akanikimbilia. Alipokaribia akasimama.

Nikampa pipi. Akaficha mikono nyuma.

"Sitaki. Hiyo ni pipi ya pombe."

"Mama hanywi siku hizi, mwanangu."

"Ukila hiyo leo, kesho unakunywa."

Jamani! Mtoto mdogo vile alishaona kitu ambacho mimi na Lazaro na nadhiri yetu hatukukiona. Niliona aibu, nikairudisha pipi mkobani.

Mama alisikia. Akaniita jikoni. "Pipi ya nini?" Nikalia, nikasema, "Mama, navuta."

Halafu akafungua fundo la khanga yake, akatoa kikaratasi. Ugoro! Mama yangu, mzee wa kanisa!

"Zamani nilikuwa naiacha pombe, halafu naenda kuomba ugoro tu," akasema. "Wenye ugoro wako kilabuni. Narudi nimelewa. Kilabu nilikiacha, huu ukanishinda. Basi tuanze wote, na miezi inahesabiwa upya kuanzia leo."

Akaumwaga ugoro wote kwenye mkaa uliokuwa unawaka.

Wakuu, msijaribu! Tulitoka mbio sote watatu, maana Neema alishatufuata jikoni, chafya mfululizo, macho mekundu. Neema alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimesikia kicheko kile muda mrefu.

Miezi mitatu ile niliihesabu nimeuma meno. Nikipata arosto nampigia mama, naye akipata ananipigia. Kuna siku tulipigiana mara saba. Kikuyu sikanyagi, na sirudi nyuma, hata mniite mshamba.

Nilichojifunza: kama unaacha kilaji na fegi umeibakiza, bado hujaacha. Na dada zangu mnaovuta kwa kujificha, siri hiyo ndiyo inayowapeleka kwenye bia. Mtafuteni mtu mmoja mumwambie.

Neema sasa anaishi kwangu, anasoma hapa hapa.

Juzi nilipata mafua, mafua ya kweli, nikanunua pipi kifua. Akaniona nimeweka moja mdomoni. Akaja akaninusa mdomo, akanusa vidole, akanusa nguo.

Halafu akanyoosha mkono. "Mama, na mimi nipe moja."

Haya, uwanja ni wenu. Aliyeshinda atuambie alishindaje, na wa matusi naye apite tu, nimeshasikia makubwa kuliko hayo.