Mama Futi na Barua ya Kiwanda

Futi ya kupimia haimtoki Mama Futi shingoni. Mdogo wake husema hata akizikwa atazikwa nayo. Ni fundi cherehani, hilo mtaa mzima wanalijua. Wasilolijua ni kwamba ametunga programu ya kompyuta. Unaiingizia vipimo vya mtu, nayo inakuchorea karatasi ya kukatia nguo. Aliigawa bure na kuiacha wazi, anayetaka aisome ndani, anayeweza aiboreshe. Wanaoitumia ni maelfu. Walioiboresha ni wawili, yeye akiwemo.

Jumanne ikaja barua pepe kutoka kiwanda cha sare za shule kinachoitumia programu hiyo. Mdogo wake, anayemshonea vifungo, akaisoma kwa sauti: "Mikono ya mashati ya watoto inatoka mirefu. Huu ni uzembe. Rekebisha kabla ya Ijumaa."

Akainua macho. "Dada, hawa wamewahi kukulipa?"

"Hata uzi."

"Sasa ubavu wa kukuita mzembe wameutoa wapi?"

Mama Futi hakucheka. Kasoro aliijua, na iliyoizaa kasoro hiyo ni haraka. Mwaka jana kiwanda hichohicho kilimkimbiza kuhusu viuno vya suruali. Akairekebisha programu huku pasi inaunguza nguo, bila kujaribu vipimo vya watoto. Viuno vikakaa, mikono ikaharibika. Na sasa mezani kulikuwa na magauni sita ya wateja, yote ya Ijumaa.

"Punguza mikono vidole viwili tu, wanyamaze," mdogo wake akamshauri.

"Nikitia kiraka juu ya kiraka, mwakani watalalamikia kola."

Akaandika kwenye ukurasa wa programu, kila mtu aone: "Mikono ya watoto ina kasoro. Naijua. Kuirekebisha vizuri ni siku tatu, mbili za kazi na moja ya kujaribu. Anayetaka nianze wiki ijayo alipie siku hizo, au alete fundi wake wa kompyuta. Wengine wasubiri nipate nafasi."

Chai haijapoa, simu ikalia. Bosi wa kiwanda mwenyewe.

"Mama, kumbe unaringa?"

"Siringi. Hao wanaokukatia vitambaa, wanakata bure?"

Bosi akakohoa. "Siku tatu ni kiasi gani?"

"Nipigie Jumamosi. Sasa hivi nina gauni chini ya sindano."

Akakata simu. Mdogo wake kashika kifungo hewani.

"Dada, ukimpoteza?"

"Asiyenilipa nampotezaje?" akasema Mama Futi, na cherehani ikaanza kulia.