Mgongo wa Mzee Dida

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka, hata hapa nilipolala, naona aibu upya. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa msichana wa kwanza kutoka kwetu Wenje kuvaa aproni nyeupe, katika zahanati moja ndogo karibu na Garsen, na ile aproni ilinifanya nitembee shingo juu. Usicheke. Juzi nimekuona na wewe ukijitazama kiooni na sare yako ya uuguzi.

Wodi yetu ilikuwa na vitanda sita, na sifa yangu ilikuwa shuka. Mkuu wetu alitufundisha kwamba shuka ya mgonjwa isiwe na mkunjo hata mmoja. Sababu yake aliieleza, lakini mimi akili ilikuwa kwa daktari wa wilaya aliyekuja kukagua. Nilitaka akiingia tu aulize nani ametandika.

Basi akaletwa Mzee Dida, mfugaji Mworma wa upande wa Minjila. Fahali alimwangusha, mguu ukavunjika chini ya goti, ukafungwa vibao. Nikamlaza chali nikamwambia, "Baba, usijitingishe, utanikunjia shuka."

"Sawa, binti yangu," akasema.

Na kweli hakujitingisha, maskini. Siku nne nzima. Nilimwosha uso, mikono na miguu, mgongo sikuugusa. Niliona haya, mwanangu! Mzee wa rika la baba yangu, nimfunue nguo? Nikajiona nampa heshima yake. Akiuma meno, nilidhani ni mguu.

Mkewe, Bi Halima, aliruhusiwa kuingia alasiri tu. Siku ya tano aliingia na kibuyu cha maziwa, akainama kumsalimu mumewe, mara akasita. Alikuwa amesikia harufu.

"Huyu nani nageuza?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

Nikamjibu hageuzwi, mguu wake mbovu. Lo! Yule mama aliweka kibuyu chini, akavua leso ya mabegani akamsitiri nayo mumewe, akaniamuru nishike mguu wenye vibao. Tukamgeuza ubavu. Pale juu ya makalio, penye mfupa, ngozi ilikuwa imebadilika rangi, katikati imechubuka na inatoa maji.

"Ng'ombe yangu ikianguka, haiwezi simama," akasema Bi Halima, "mimi nageuza asubuhi, nageuza mchana, nageuza jioni. Nikiacha, nyama naoza, ng'ombe nakufa. Wewe natunza mutu ama natunza shuka?"

Nililia, sikufichi. Mkuu wetu akaitwa, akakitazama kidonda, akaniambia wazi kwamba kikifika mfupani mzee huenda asiondoke pale akiwa hai. Nikajua nafukuzwa. Hakunifukuza. Alisema, "Uliyemlaza ndiwe utakayemgeuza."

Nikamgeuza! Saa sikuwa nayo, kwa hiyo nilichora alama za chaki sakafuni. Mwanga wa dirisha ukifika kwenye alama, ni zamu ya ubavu mwingine. Bi Halima akaruhusiwa kushinda ndani. Yeye alishika bega na nyonga, mimi mguu, na mto wa sufi tukauweka katikati ya magoti. Kidonda tulikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, tukakikausha pole pole. Shuka niliinyoosha vilevile, ila sasa nilijua kwa nini: mkunjo mdogo tu humchubua mtu asiyeweza kuinuka. Na kila mara nilimwambia kwanza, "Baba, sasa nakugeuza upande wa ukutani."

Wiki zikapita, kidonda kikaanza kujifunga. Siku aliyotoka na fimbo yake kwenda kupanda pantoni avuke mto, alinigeukia mlangoni. "Binti, nimekukunjia shuka yako. Niwie radhi." Nilicheka huku machozi yananitoka.

Kwa hiyo huko uendako, mwanangu, mtazame mgonjwa mzima, usiishie pale penye bendeji. Msitiri, lakini mtazame. Anayenyamaza muulize mara mbili, maana wazee wetu wengi huumia kimya kwa sababu ya adabu. Na yule ndugu aliyekaa mlangoni usimwone msumbufu, huenda anajua jambo ambalo wewe hujafundishwa. Ukikosea, sema mapema, kisha urudi kitandani kwa mgonjwa ukatengeneze.

Haya, nimeongea mno, na mwanga wa dirisha umeshafika kwenye mguu wa meza. Siku hizi wa kulala ni mimi, miguu imenigomea. Njoo unigeuze. Eh, umenawa mikono, na umeniambia kabla hujanishika! Mungu aibariki mikono hiyo, mwanangu. Kila itakayemgusa apate nafuu, na siku utakayolala wewe, upate wa kukugeuza. Taratibu hapo begani.

Na hiyo shuka, inyooshe.