Cibalonza Huivaa Nepi Kabla ya Mtoto

BUKAVU, Zaïre, Februari 1991 – Saa kumi na mbili asubuhi, mlimani Kadutu, Cibalonza, mfuaji wa nguo za watu, anamimina maji ya nne ya kusuuza juu ya nepi kumi na nane za kitambaa. Jirani anayepita anamwambia maji mawili yanatosha.

"Hii bado iko na povu, maman," Cibalonza anamjibu. "Unataka nimuvalishe mutoto sabuni?"

Anakamua nepi moja na kuifunga kiunoni, chini ya kikwembe, kitenge alichojifunga, ikiwa bado mbichi. Ataivaa mpaka kazi iishe. Ikimwasha, zote zinarudi kwenye beseni.

"Mutoto hawezi kusema kama inachoma. Basi nasikia miye kwanza."

Mtaa mzima humcheka: mwanamke wa miaka arobaini na moja, na nepi! Mwandishi huyu naye alicheka, mpaka alipoambiwa sababu.

Miaka miwili iliyopita Cibalonza alifua kwa Eulalie, karani wa ofisi moja mjini. Mvua ilikuwa inakuja. Akataka nepi ziwe nyeupe pe, akatia Javel, dawa kali ya kung'arisha nguo, akasuuza mara moja tu. Kesho yake mapaja ya mtoto yalikuwa mekundu, ngozi inachubuka. Eulalie alimfukuza. Nyumba nyingine tatu zikamfungia mlango.

"Hawakunionea. Ni miye niliharakisha," anasema. "Kile kilio, nakisikia mpaka leo."

Tangu hapo Javel haigusi. Huchemsha nepi kwa sabuni ya kipande, na maji manne ya kusuuza ni bidoni sita, madumu ya kupanda nayo mlima mgongoni. Zikikauka juani huzipiga pasi ya makaa pande zote mbili, kuua mayai ya nzi ambao funza wao huingia ngozini.

Wiki hii Eulalie amejifungua tena. Amempa Cibalonza siku moja tu ya kumjaribu: leo.

Saa tisa alasiri, mlangoni kwake, Eulalie ananusa nepi, anaiweka shavuni. Kisha anazihesabu, na uso unabadilika.

"Ziko kumi na saba. Nilikupa kumi na nane, Cibalonza."

Lo! Cibalonza anainua pindo la kikwembe.

"Ingine ni hii, maman. Naivaa tangu asubuhi. Hainiwashi."

Eulalie anaitazama. Halafu anaingia ndani, anarudi na mtoto, na kumweka mikononi mwake.

"Basi umufunge weye."

Cibalonza anachukua nepi ya juu, anaikunja taratibu.

"Huyu hatalia juu ya haraka yangu," anasema.