Kanda ya Baba na Saa ya Tejano

Watu huniuliza nilianzaje kupenda muziki wa Tejano, nami huwajibu kwa uongo. Huwaambia niliusikia mara moja tu nikanaswa. Ukweli ni kwamba nilipewa muziki huo kama adhabu, na aliyeitumikia adhabu yenyewe hakuwa mimi. Alikuwa baba yangu.

Miaka ile miwa ilikuwa imekubali. Kiwanda kilisaga bila kupumzika, matrekta yalimwaga miwa barabarani hadi watoto wakachoka kuiokota, na kila mkulima aliyelipwa alirudi nyumbani na godoro, au mabati, au redio. Baba, mkulima wa miwa kule Matungu, alinunua redio. Ilikuwa kubwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni, na aliinunua kwa sababu moja. Nilikuwa nimeajiriwa mtangazaji katika redio ya jamii mjini Kakamega, na yeye alikuwa amenikabidhi kanda yake.

Kanda hiyo ilirekodiwa kwenye harusi ya shangazi yangu. Ujanani mwake baba alikuwa mpigaji kodiani, akialikwa huku na kule, mpaka panya walipotafuna mivukuto na fundi wa kuitengeneza akakosekana. Kilichobaki ni wimbo mmoja tu, yeye akipiga na kuimba, na wanawake wakipiga vigelegele nyuma yake. Alitaka kuusikia redioni mara moja. Sikumbuki akiniomba jambo lingine lolote maishani. Nilimwahidi Jumamosi.

Jumamosi hiyo haikufika, na kosa lilikuwa langu. Kila Alhamisi nilikuwa nikisoma orodha ya mashamba yatakayokatwa miwa juma linalofuata. Mtu ambaye miwa yake imekomaa na haijakatwa hapati usingizi, kwa hiyo orodha ile ilisikilizwa kuliko mahubiri. Alhamisi yangu ya kwanza ilianza na mashamba ya Matungu, na nilipomaliza kusoma nikaweka, kwa furaha ya kijinga, wimbo wa kwetu Matungu. Asubuhi yake wazee kutoka Malava, wakulima wa miwa wa upande mwingine, walikuwa ofisini, wamevaa makoti, wakisema redio imenunuliwa. Mchana wakaja wa Shinyalu. Hao wengi wao hata miwa hawana, wana mahindi yao na majani chai, lakini nao walitaka kujua nyimbo zao zimekosa nini.

Mkurugenzi wetu alikuwa mama mpole, asiyependa kelele kabisa. Alipiga marufuku nyimbo za kwetu zote, za kila upande, isipokuwa kwenye matangazo ya vifo. Marehemu angesindikizwa na wimbo wa kwao, na hapo, alisema, hakuna atakayelalamika. Kisha akanisukumia boksi la kanda lililoachwa na mwalimu mmoja wa ufundi, mgeni kutoka Texas, aliyekuwa amemaliza mkataba wake. Huo ndio uliokuwa Tejano, muziki wa Wameksiko wa Texas: kodiani mbele, gitaa nyuma, na wanaume wanaolia kwa Kihispania, nadhani kwa sababu ya wanawake.

"Hawa hawana ukoo hapa," alisema. "Cheza hawa, kila siku saa nane."

Nikacheza. Majina ya waimbaji niliyavunjavunja nilivyotaka, maana hakuna aliyeyajua. Sikutegemea chochote, lakini kodiani iliwakumbusha wazee dansi zao za zamani, na vijana wakafuata kwa sababu wazee wamependa. Haukupita muda, wakataji miwa wakawa wananiita "Tejano" barabarani. Mwenye duka mmoja mjini akanipa kofia pana, nami nikaivaa, nikaanza kuongea kama mtu aliyewahi kufika Texas. Hili ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba sifa zile niliziona tamu.

Baba alisikiliza kila siku. Nilipokwenda nyumbani nilimkuta na redio kando ya sahani yake ya obusuma, ugali wetu, akimega tonge taratibu. Hakugomba hata siku moja. Ningeona afadhali angegomba.

"Hao watu wa ng'ambo wanapiganga vizuri," aliniambia safari moja. "Rakini wao wanarimanga miwa wapi? Mimi niko hapa."

Nikamweleza kirefu habari za wazee wa Malava, amri ya mkurugenzi, na jinsi nisivyotaka kumwaga unga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kama Jumamosi ijayo ingefaa.

Ningeweza kuiweka. Kanda ilikuwa mkobani mwangu muda wote huo, na mkurugenzi alikuwa na siku zake za kwenda sokoni. Hata wimbo ningeupenyeza katikati ya Tejano na kusema ni Mmeksiko wa kijijini. Simsingizii yule mama, hakuwahi kunishika mkono anizuie. Nilikuwa mwoga, mwoga mwenye kofia, na niliendelea kumwahidi baba Jumamosi baada ya Jumamosi hadi akaacha kuuliza.

Alifariki msimu wa mvua, kwa ugonjwa wa kifua. Shangazi aliandika tangazo kwenye karatasi ya daftari kama ilivyo desturi: mwana wa fulani, mume wa fulani, baba wa fulani na fulani. Nililipeleka studio mwenyewe. Mkurugenzi alinipa pole, akauliza kama nitaweza kulisoma, kisha, kwa upole wake uleule, akauliza kama ninao wimbo wa kwao.

"Ninao," nilisema. Kanda ilikuwa mkononi mwangu kabla hajamaliza kuuliza.

Nilisoma. Nilipofika kwenye jina langu nikakohoa, nikaendelea. Kisha nikabonyeza. Kodiani ya baba ikatoka, na sauti yake ya ujanani, na vigelegele vya wanawake ambao wengi wao tumeshawazika. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu mwingine wa kumwendea.

Simu ya ofisini ikalia wimbo ulipoisha. Nilijua ni malalamiko, nikajiandaa kumtukana mtu. Alikuwa mzee wa Shinyalu, aliyefungua redio yake tangazo likiwa limekwisha. Alisema hajasikia kodiani namna ile tangu akiwa kijana, akauliza mbona nilikuwa nimewaficha. Alitaka kujua mpigaji anaishi wapi ili amwalike kwenye harusi ya binti yake Desemba.

"Mwambie aje tu, kuku wapo," alisema. "Atakula ingokho mpaka achoke."

Nikamwambia ndiye marehemu tuliyemtangaza, baba yangu. Mzee akanipa pole, halafu akaniuliza kama kesho ningeweza kuuweka tena.

"Kesho kuna marehemu wengine," nilimjibu.

Saa nane ilikuwa imefika. Nikavaa kofia, nikaweka Tejano.